Misumari Mitatu ya Baba

Kibakwe, Jumapili baada ya adhuhuri

Dada yangu Hawa,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, mgongo umepunguza kuuma, na Baba amekubali kumaliza uji wake. Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Ukiniuliza habari za moyo, hizo nitakueleza humu ndani, maana moyo ndio ulionikalisha chini leo na kalamu mkononi.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu tunapigiana, ni kweli, lakini kwenye simu wewe huniambia mko salama, nami nakuambia niko salama, halafu mtandao unakatika na hakuna aliyesema kitu. Tena haya ninayotaka kukueleza ni marefu na yana maelekezo ndani yake, itabidi uyasome zaidi ya mara moja. Barua nimeiweka juu kabisa ndani ya boksi hili ninalokutumia ili uanze nayo. Nakujua ulivyo na haraka, kwa hiyo nakuomba kama mdogo wako: vilivyo chini yake usivitoe kwanza. Soma mpaka mwisho.

Nianze na simu ya Jumanne ile. Ulimpa Baba ukamwambia, "Ongea na Issa." Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti yake ileile. Halafu akauliza, "Issa yupi?" Nikasema, "Issa mwanao, Baba, niko Kibakwe." Akasema, "Issa wangu ni mtoto, yuko hapa chuoni. Mwambie asikimbie, somo lake bado liko msumari wa kwanza." Ukachukua simu upesi ukaanza kunieleza habari za mvua. Nakushukuru kwa mvua ile, Dada. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kituo chetu cha afya, nikakaa palepale juu ya tofali mpaka nilipoitwa kuona mgonjwa.

Nimebakiza miezi miwili nipate likizo. Ninachokiogopa unakijua, lakini acha nikiandike. Naogopa kufika hapo mlangoni na begi langu, nipige hodi, na baba yangu anikaribishe kwa heshima zote kama anavyomkaribisha mgeni asiyemjua. Kila kilichomo ndani ya boksi hili nimekitengeneza kwa sababu ya hofu hiyo.

Habari za huku si mbaya sana. Baridi ya milima hii haina mchezo, asubuhi naingia kazini nimevaa sweta mbili na bado wagonjwa wananiuliza kama naumwa. Maharage yamestawi. Barabara ya kupanda huku imekatika mara mbili tangu mvua zianze, na ndiyo maana lile ombi langu la kuja mapema lilikataliwa: hakuna tabibu mwingine wa kunishikia. Chakula nimeshazoea. Mlenda wa huku wanaupika vizuri, ila usimwambie mtu kwamba nimesema hivyo, maana ukoo mzima utanitenga.

Sasa nikueleze kuhusu programu, na ukiona nazunguka, nivumilie, maana bila hiyo hutaelewa boksi.

Nilipokuwa nasomea utabibu Dodoma mjini, mwaka wa pili ulitaka kunishinda. Majina ya dawa, dalili, vipimo, kipi kinatolewa na kipi, kipi hakigusani na kipi. Nasoma leo, kesho kimepotea. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Kongwa, alinihurumia akaniwekea kwenye simu programu moja ya kadi. Unaandika swali upande wa mbele na jibu upande wa nyuma. Simu inakuonyesha swali, unajijibu mwenyewe, unageuza kadi, halafu unabonyeza kitufe kusema ilikuwaje: nimesahau, ngumu, sawa, au rahisi. Ukisema umesahau, kadi inakurudia siku hiyohiyo. Ukisema rahisi, inasogezwa mbele siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Inajaribu kukuuliza pale unapokaribia kusahau, kabla hujasahau kabisa.

Aliponimalizia maelezo nilicheka kwa sauti. Akaniuliza, "Sasa unacheka nini?" Nikamjibu, "Hii baba yangu anayo. Iko ukutani." Akadhani Baba ana kompyuta kubwa iliyobandikwa ukutani, akaanza kuniheshimu.

Unaukumbuka ukuta ule, Dada. Upande wa kushoto ukiingia chuoni kwa Baba, kile cha Kurani, misumari mitatu ya bati imepigwa kwa mstari. Kila mtoto alikuwa na vipande vyake vya boksi, vikubwa kama kiganja, vimetobolewa na kupitishwa uzi wa katani, na kila kipande kimeandikwa jina la sura. Somo jipya lilitundikwa msumari wa kwanza, ule wa mlangoni, ukalisoma kila siku. Ukilishika, Baba anahamisha kipande msumari wa kati, na hapo unaulizwa Jumamosi tu. Ukipita Jumamosi tatu bila kukwama, kinakwenda msumari wa dirishani, unaulizwa mwezi ukiandama. Na ukikwama, hata kwa aya moja, hata kama sura hiyo imekaa dirishani mwaka mzima, kipande kinarudi mlangoni. Baba hakugomba. Alikuwa anakitoa polepole mbele ya watoto wote na kukitundika, na hilo peke yake lilitosha kukunyima hamu ya chakula.

Watu waliotengeneza programu hizi nadhani wamesoma sana. Baba alikuwa na ukuta wa udongo na watoto arobaini wasiotulia, na alifika palepale.

Nilifaulu kwa kadi zile. Nilipopangiwa huku Kibakwe nikaendelea nazo, kila siku kabla ya kuanza kazi, na nikawa najisifu moyoni kwamba mimi ni mtoto wa Mwalimu kweli. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kuna kitu kimoja ambacho ukuta wa Baba ulikuwa nacho na simu haina. Unakumbuka tulivyokuwa tunasoma wote kwa pamoja, sauti inapanda mpaka bati linatetemeka? Mimi nilikuwa bingwa wa kuchezesha midomo. Pale nisipojua nilikuwa nafungua na kufunga mdomo kwa kufuata wenzangu, na katika ule mvumo nilijiona najua. Baba alikuwa anatembea katikati yetu amefumba macho. Ghafla anasema, "Nyamazeni wote. Issa, simama, endelea peke yako." Ndipo inaonekana kilichomo kichwani mwangu na kilichokuwa cha wenzangu.

Na siku ile nilipokwama mwanzoni tu mwa sura, nawe umekaa nyuma yangu, ukaninong'oneza. Neno moja tu, ili nipate pa kuanzia. Baba alisikia. Sheria yake ilikuwa moja na hakuipindisha kwa mtu: anayemnong'oneza mwenzake anamwibia. Ulinyoosha mkono ukachapwa viboko viwili, mbele ya watoto wote, binti wa Mwalimu mwenyewe. Hukulia. Mimi ndiye niliyelia. Tulipofika nyumbani ukaniambia nisimwambie Mama. Sijawahi kukuomba msamaha kwa siku ile, nakuomba leo.

Basi simu haina wa kufumba macho na kukusimamisha peke yako. Inakuuliza, na inakubali utakachosema. Ukibonyeza rahisi, inaamini.

Mwezi uliopita aliletwa mama mjamzito na mumewe kwa pikipiki, kutoka vijiji vya bondeni. Mama alikuwa na kifafa cha mimba, ameshashikwa na degedege mara mbili njiani. Tulimpa sindano yake ile ya kuzuia degedege, akatulia, na Mungu akajalia akajifungua salama mtoto wa kike. Sindano ile hurudiwa kila baada ya saa nne. Lakini ni dawa kali. Kabla ya kuirudia yapo mambo matatu ya kutazama: anavyopumua, goti lake linavyoruka ukiligonga, na mkojo wake kama unatoka wa kutosha. Mkojo ukiwa mchache maana yake dawa haitoki mwilini, na ukiongeza juu yake unamzimisha pumzi.

Ilikuwa saa nane mchana. Nesi Yunisi, ambaye ndiye mkono wangu wa kulia hapa, alikuwa chumba cha pili na mzazi mwingine. Nilihesabu pumzi, nzuri. Niligonga goti, likaruka. Nikasimama pale na bomba la sindano mkononi nikijua kabisa kwamba kuna la tatu, na nikajua kwamba ninalijua, na halikuja. Nikachoma.

Yunisi aliporudi alipitia kitandani, akainua khanga iliyokuwa imening'inia, akatazama mfuko wa mkojo uliofichwa na khanga ile. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, huu ni mkojo wa tangu saa ngapi?" Ulikuwa kidogo sana, umekolea kama chai ya rangi. Nusu saa baadaye yule mama alianza kupumua kwa kuacha nafasi, na goti halikuruka tena.

Dawa ya kuondoa sumu ile tulikuwa nayo, na Yunisi alikuwa ameshaivuta kabla sijamaliza kuitamka. Nikampulizia pumzi kwa mfuko wa kupumulishia, nakandamiza, naachia, mpaka vidole vikafa ganzi, na nilikuwa nasema moyoni maneno yote aliyonifundisha Baba. Alasiri ikaingia na kupita. Mwishowe kifua chake kikaanza kupanda chenyewe. Gari la wagonjwa lilimchukua kwenda hospitali, na baada ya wiki alirudi nyumbani kwake na mtoto wake. Yuko hai, Dada. Nakuandikia hilo hapa ili usiendelee kusoma kwa hofu. Lakini hayuko hai kwa sababu yangu.

Nilimfuata mume wake nje. Alikuwa amechuchumaa ukutani na kipande cha muwa mkononi ambacho hakuwa anakitafuna. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimekosea. Nilirudia sindano yake kabla ya kutazama kitu nilichopaswa kutazama." Akanikazia macho. Akauliza, "Anapumua?" Nikasema, "Anapumua." Akasema, "Basi nipishe nikamwone." Akanipita. Nilitamani angenitukana.

Jioni ile nilifungua simu nikaitafuta kadi. Ilikuwepo. Niliiandika mwenyewe Dodoma: mambo matatu ya kutazama kabla ya kurudia sindano. Programu inahifadhi kila ulichobonyeza, na mimi nilikuwa nimebonyeza rahisi mara nne. Nikakumbuka vizuri nilivyofanya kila mara. Nataja pumzi, nataja goti, la tatu linasita, nageuza kadi, naliona, nasema, "Aa, hilo nalijua," nabonyeza rahisi ili nimalize za siku ile nikanywe chai. Kadi iliniamini. Ilikuwa imeshapangwa kuniuliza tena baada ya miezi mitano. Nilikuwa nachezesha midomo, Dada, mtu mzima na koti jeupe, na hakukuwa na Baba wa kuniambia nisimame.

Niliandika taarifa yote kama ilivyotokea, sikupunguza neno, nikaipeleka kwa wakubwa wangu. Wamenionya kwa maandishi, na sindano ya namna ile sitoi tena bila mtu wa pili kusimama karibu. Ni haki. Kilichoniuma zaidi ni Yunisi. Ni mama wa Kigogo wa Mlali, mtu wa kanisani, kazi hii ameifanya tangu mimi nacheza gololi. Nilimuuliza alilishikaje jambo lile la mkojo barabara namna ile. Akanawa mikono kwanza, akafuta, ndipo akajibu, "Mimi hilo sikulisomea kwenye simu, Daktari. Nililisomea kwa mtu. Na yule hakuamka."

Nikamweleza habari ya misumari ya Baba, na ya viboko vyako viwili. Akasikiliza yote. Kesho yake asubuhi akaja ofisini, akanyoosha mkono: "Lete hiyo simu. Simama hapo." Tangu siku hiyo kadi zangu anazishika yeye. Mimi nasimama, najibu kwa sauti, na yeye ndiye anayebonyeza. Neno rahisi amelifuta, kwake yapo mawili tu, umejua au hujajua. Nikikwama hata kidogo anasema, "Mlangoni, Daktari. Nenda ukausalimie msumari." Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wanasikia na kucheka. Nimekubali wacheke.

Sasa nije kwa Baba.

Uliniambia yote na sikusahau hata moja. Jinsi alivyosalisha Magharibi akakwama katikati ya sura aliyowafundisha watoto miaka yote, jinsi muadhini alivyomsomea kutoka nyuma, naye akarudia palepale alipokosea, mara ya pili na ya tatu. Jinsi alivyobaki ameketi baada ya salamu bila kuwageukia watu. Na kesho yake akatoa vipande vyote ukutani, akavitia kwenye gunia, akalisukuma chini ya kitanda, akawaambia watoto waende kwao. Tangu hapo hatoki. Na najua kwamba anakuita wewe kwa jina la Mama, na kwamba unaitika.

Sitakudanganya, nimeshajidanganya vya kutosha. Ugonjwa huu haurudi nyuma, na hakuna kadi itakayouzuia. Lakini yapo mambo machache sana, ukimuuliza mtu kama Baba leo, ukamuuliza tena baada ya dakika chache, kisha baada ya chakula, kisha kesho, kisha kesho kutwa, yanaweza kushika na kukaa kwa muda. Nimejaribu kwa mzee mmoja hapa aliyekuwa anapotea akitoka kwake kwenda kisimani. Bado anasahau mengi, ila kisimani anakwenda na kurudi.

Humo ndani kuna vipande kumi. Nimevikata kwenye maboksi ya dawa na nimevitia uzi wa katani kama vile vya zamani. Maneno ni ya Kiswahili, lakini nimeyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko aliotupigia kelele mpaka tukaushika, maana macho yake yamezoea hizo kuliko hizi nyingine. Mwandiko wangu bado mbaya, atausema. Kimoja kinauliza ukitoka msikitini unapita upande gani wa mashine ya kusaga. Kingine, vidonge vya presha viko kwenye kikombe gani. Kimoja kina picha yako na nyuma yake jina lako, Hawa, kwa herufi kubwa. Vingine utaviona mwenyewe.

Usimwambie ni dawa, atakataa. Mwambie Issa ameleta masomo yake, anaomba yatundikwe. Nadhani misumari bado ipo, na kama imelegea mpe nyundo, aikaze yeye. Halafu muache aanze. Akijibu sawasawa siku kadhaa, kipande kihamie msumari wa kati. Akishindwa usimgombe, usimpe pole wala usivute uso. Geuza kipande, msome wote wawili, kirudi mlangoni, basi. Na usimnong'oneze. Hata sasa, hata katika hali hii, akihisi unamnong'oneza ataona aibu na atarudi chumbani. Muache atafute. Nakuomba pia usibonyeze rahisi kwa ajili yake kwa sababu unampenda. Unanielewa.

Kuna kipande nilikiandika kisha nikakichana. Kilikuwa kinauliza Mama yuko wapi. Uliniambia kila asubuhi anakuuliza, na kila asubuhi unamweleza kwamba tulimzika, naye analia upya kana kwamba ni siku ileile. Nilipoandika jibu nyuma ya kile kipande mkono ulikataa kutoboa tundu la uzi. Tumfundishe msiba mpaka aushike? Hapana. Akikuuliza Mama yuko wapi, muulize nawe alikuwa anamwekea nini kwenye uji. Atakusimulia mpaka jua limwagike uani. Hilo lisitundikwe popote.

Najua pia kwamba naandika maelekezo kutoka huku ilhali mwenye kuyatenda ni wewe peke yako, na unaamka naye, na unamfulia. Ukichoka, acha. Vipande vitakaa ukutani vitasubiri, havina haraka. Na ikiwa yote haya hayatasaidia, angalau atakuwa amesimama tena mbele ya ukuta wake, ameshika kitu anachokijua.

Nisalimie Shemeji Ramadhani, mwambie asali aliyonipa imeisha na Yunisi ndiye mlaji mkuu. Nisalimie Shangazi Mwajuma, naomba aendelee kuja kukaa na Baba siku za mnada ili nawe upate kutoka. Nisalimie jirani yetu Mama Saidi kwa ule moto anaotuwashia. Na yule mzee muadhini, mpe salamu zangu za pekee na umwambie sina kinyongo naye hata punje. Alifanya lililompasa kwa imamu wake, na najua lilimuuma.

Sasa unaweza kutoa vipande. Cha chini kabisa, nilichokifunga kwenye karatasi, kina picha mbili. Moja ni ile ya darasa la saba, ya shati lililokosa kifungo, maana huyo ndiye Issa anayemkumbuka. Ya pili Yunisi alinipiga wiki hii hapa mlangoni pa kituo, na ndevu hizi ambazo hajawahi kuziona. Chini nimeandika swali, huyu na huyu ni nani, na nyuma nimeandika jibu. Anza nacho pole pole, mkiwa wawili tu. Hicho nacho kitundike mlangoni, maana ndiko alikosema niko.

Na nikifika, Dada, nikipiga hodi, ukimwona ananitazama na uso wa adabu ile ya kukaribisha wageni, nakuomba uiache sheria yake. Vile vipande tisa mwache atafute mwenyewe. Hiki kimoja, sogea nyuma yake, mnong'oneze. Neno moja tu, apate pa kuanzia. Safari hii hakuna wa kukuchapa.

Mdogo wako asiyekusahau,

Issa